Mahali pa Kukaa Desemba

Nyamwaga,
11 Agosti 2024

Mama mdogo Elieth,

Shikamoo. Nakuandikia Jumapili hii baada ya ibada, nimekaa nyuma ya ghala la mahindi ambako hakuna anayepita. Mama hajambo, kifua kimepoa tangu alipopewa dawa hospitalini. Baba hajambo. Bibi anatembea bila fimbo asubuhi, jioni anaitafuta. Yule ng'ombe mwekundu amezaa dume lenye doa jeupe usoni, na wadogo zangu wanagombana nani alipe jina.

Mtihani wa muhula nimekuwa wa nne darasani. Hisabati ndiyo iliyonirudisha nyuma.

Sikupiga simu kwa sababu simu ni ya baba, na baba huweka sauti kubwa uani ili kila mtu asikie salamu. Barua hii ataileta Zilpa, yule mama Mjaluo anayeuza dagaa kwenye magulio ya barabara nzima, kuanzia huku kwetu hadi Mugumu na huko Nata ulipo. Aliipokea akasema, "Nitaiweka chini ya dagaa. Sijaona Mkurya wa kuchimbua gunia la dagaa hadi chini." Kwa hiyo usishangae harufu.

Sasa ombi langu. Mwalimu wa jiografia ametuagiza tukusanye maoni ya mtu aliyesafiri. Wewe umewapikia mafundi wa barabara miaka mingi na umekaa mahali pengi kuliko mtu yeyote wa ukoo wetu. Naomba uniambie kila mahali pakoje kwa kweli, si sifa tu. Watu wake, maji yake, na kama msichana anaweza kutembea peke yake bila kuulizwa ni wa nani. Hasa uniambie pakoje mwezi wa Desemba.

Wazee wa mila walikutana wiki iliyopita. Hatujaambiwa walichozungumza.

Mwanao,
Mokami Waitara


Nata, kambini,
2 Septemba 2024

Mokami mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilifika ikinuka ziwa zima, na paka wa kambi alinifuata hadi nilipomaliza kuisoma. Mimi ni mzima. Mguu nilioungua kwa uji umepona, umebaki na rangi yake. Mwambie dada yangu asiache dawa njiani kwa sababu tu amepata nafuu, namjua.

Unataka kweli, basi pokea.

Sirari nilikaa miezi minne. Ni mji unaouza huku macho yako ng'ambo. Ukiuliza bei unatajiwa kwa fedha za Kenya, ukilalamika unaambiwa, "Sister, si uende basi." Chakula kizuri, usingizi haupo. Msichana akitembea peke yake pale, watu watatu tofauti watamuuliza anavuka lini.

Musoma wanajivunia ziwa kana kwamba walilichimba wenyewe. Samaki sina la kusema, ni watamu. Lakini upepo uliniangushia sufuria mara mbili na hakuna aliyesimama kunisaidia.

Hapa Nata watu ni wapole na wanaongea taratibu. Tembo ndio wakorofi. Wiki iliyopita walimaliza shamba la mwenye nyumba wangu. Asubuhi alikuja kunisalimu vizuri kabisa, akauliza habari za kazi, halafu akakaa chini akalia. Maji ya kisima yana chumvi. Chai yake ungeitema.

Mugumu pana baridi asubuhi na vumbi mchana. Ni mji wa watu waliokaa nje ya ofisi wameshika bahasha. Ndizi za kwenu zinauzwa pale bei mara mbili. Nilipapenda, sijui kwa nini. Upande mmoja wa mji pana ile nyumba yenye ukuta wanakokaa wasichana. Nilipita pale nikienda sokoni. Sikuingia, kwa hiyo sina maoni.

Desemba ni mvua kila mahali. Wazee nao hukutana kila mwaka, usihesabu vikao vyao. Soma hisabati.

Mama yako mdogo,
Elieth


Nyamwaga,
29 Septemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Asante kwa maoni. Niliyasoma mara tatu na la Musoma lilinichekesha. Mama anaendelea na dawa, nilimsimamia. Mahindi ya baba mmoja jirani yameliwa na funza, ya kwetu bado.

Kwanza nakuomba radhi. Mwalimu hakutupa kazi yoyote. Nilidanganya, na sijazoea, ndiyo maana barua ile ilikuwa fupi.

Mwaka umefunguliwa. Baba alitangaza wakati wa kula, akiwa na furaha kama mtu anayetangaza harusi. Alisema wazee wameridhia, Desemba vijana wote wa rika letu wataingia kwenye tohara, wavulana kwa wasichana. Bibi alipiga kigelegele hadi akakohoa. Kesho yake alinunua khanga mpya, akanionyesha, akazifungia sandukuni. Mimi nilisema asante, bibi.

Lilian, ninayekaa naye dawati moja, anasema yeye ataenda kwa hiari. Nilimuuliza haogopi? Akasema, "Naogopa zaidi kuitwa msagane. Ukiwa hujakatwa, hata ukichota maji wanakupisha kama una ugonjwa. Wewe unapenda?" Sipendi, nilimwambia, na wote wawili tukacheka, lakini hatukucheka vizuri.

Halafu Mzee Heche, rafiki wa baba mwenye ng'ombe wengi, amekuja mara mbili. Nikipeleka chai ananiangalia miguu, si uso. Mara ya pili alimuuliza baba, "Huyu anamaliza lini?" Baba akajibu, "Shule au kile kingine?" Wakacheka.

Mama hasemi kitu. Lakini zamani, nikiwa darasa la tano, aliniambia kwamba wewe ulikuwa mkaidi, ulikimbia mwaka wako ukafika mbali, ndiyo maana husimami mahali pamoja. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Ulipita njia gani? Ulikaa kwa nani? Ulirudi baada ya muda gani? Naomba unijibu kwa mpangilio, nitaandika kila kitu.

Mokami


Nata,
20 Oktoba 2024

Mokami,

Nimefurahi kusikia dada yangu anakunywa dawa. Huku mvua zimeanza na lami haiwezi kumwagwa, kwa hiyo mafundi wanakaa bure na kula mara mbili. Mkono wangu umevimba kwa kusonga ugali.

Usije kambini. Nakwambia mapema kabla hujaomba. Hapa kuna wanaume sabini, choo kimoja na mimi. Si mahali pa msichana hata kwa siku mbili.

Mahali ninapopaamini ni Kerende. Kabla ya kambi hii nilipika kwenye mgahawa pale, nikapanga kwa Mama Nashoni, mjane mwenye nyumba ya bati karibu na njia ya kwenda machimbo. Nilimwita dada. Kerende si pazuri kwa macho: vumbi la mawe, kelele za mashine, vijana wenye hela leo na njaa kesho. Lakini ndiyo uzuri wake, kila mtu ana haraka zake na hakuna anayekuuliza. Nilikaa pale Desemba nzima na sikusikia filimbi wala ngoma ya tohara hata siku moja. Wasichana walikwenda kisimani na kurudi. Niliwaza, hawa watu wamebadilika, wameacha.

Mwambie mama yako kwamba Mama Nashoni anahitaji mtu wa kusaidia palizi. Atakuelewa. Ukimaliza mitihani nenda, kaa hadi Januari.

Kuhusu yale mengine uliyouliza, ni ya zamani. Njia zimebadilika.

Elieth


Nyamwaga,
10 Novemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo na pole kwa mkono. Upimaji wa kidato cha pili umeisha Alhamisi. Hisabati nimejibu maswali yote, sijui kama ni majibu. Mwalimu alituaga, akatuambia tutunze madaftari. Alipofika kwa upande wetu wasichana alisema, "Na nyinyi mjitunze," kisha akaangalia dirishani.

Nilimwambia mama kuhusu palizi ya Mama Nashoni. Alikuwa anapepeta maharage. Hakuinua uso. Alipepeta hadi nikadhani hakusikia, halafu akasema, "Mwambie baba yako mimi ndiye niliyekutuma." Nimemwambia baba. Amekubali, ila amesema nirudi mara atakaponiita. Nitaondoka siku akinipa nauli.

Jioni wavulana wanafanya mazoezi ya kuimba njiani. Juzi walipita wakiwa wamejipaka unga usoni, mmoja amevaa gauni la dada yake, wakasimama mbele ya geti letu wakaimba jina langu. Bibi aliwapa pombe. Nilijifungia ndani ya ghala nikasoma historia, ukurasa mmoja, sikumbuki ulikuwa unahusu nini.

Lakini sasa nina mahali pa kwenda, kwa hiyo ninalala kidogo. Asante.

Mokami


Kambi mpya, njia ya Bunda,
1 Desemba 2024

Mokami, usiende Kerende.

Sina salamu, nisamehe. Tumehama na Zilpa amenipata leo kwa shida. Jana kijana mmoja wa kubeba kokoto aliomba ruhusa ya wiki mbili. Nikamuuliza anakwenda wapi, akasema kwao Kerende, dada yake anatahiriwa. Nikamwambia, "Kerende hawafanyi hayo, mimi nilikaa." Akanicheka. "Mama, ulikaa mwaka gani?"

Nilikaa mwaka jana. Mwaka jana ulikuwa umefungwa. Kwetu ulikuwa umefungwa na kwao ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na filimbi kwa sababu haukuwa mwaka wake, basi. Mimi mtu mzima, niliyezaliwa katika mila hizi, niliangalia shamba lililolala nikasema halina magugu.

Mwaka huu umefunguliwa kote. Mama Nashoni ana binti wa umri wako.

Kaa na mama yako. Nitafikiri. Kaa hapo hapo hadi nifikiri.

Elieth


Kerende,
4 Desemba 2024

Mama mdogo,

Shikamoo. Sijui nani atakuletea karatasi hii. Nimeichana katikati ya daftari la uraia.

Mama Nashoni alinipokea vizuri sana. Alinipa godoro, alinipikia kuku siku ya kwanza. Tulipalilia siku tatu, mimi, yeye na binti yake. Siku ya nne nilianza kusikia filimbi. Kwanza mbali, upande wa mto. Sasa ziko kila asubuhi.

Leo nilikuwa ninaosha vyombo nyuma ya jiko. Jirani alikuja, nikawasikia.

Jirani akauliza, "Huyu mgeni wako naye?"

Mama Nashoni akasema, "Baba yake alipiga simu jana. Anasema aende na huyu wangu, Jumanne. Wazee wa kwao wameshaongea na wa huku."

"Yeye anajua?"

"Alikuja kwangu kujificha, yule mtoto. Unafikiri sijaona? Mwaka jana ningemficha, nani angeuliza? Mwaka huu siwezi. Nikimweka msagane ndani msimu huu, wakasema nimeleta laana, mimi mjane nitakwenda wapi?"

Nilisikia analia. Halafu aliniita nile.

Nimekula, mama mdogo. Alinikatia nyama kubwa. Tangu hapo binti yake ananifuata hata chooni, anakaa nje anaimba. Sidhani kama ametumwa. Nadhani anataka tu kwenda na mtu.

Leo ni Jumatano. Mwalimu wa jiografia alitufundisha kwamba ukipewa habari za mahali, uulize zilikusanywa lini. Sikukuuliza. Nilikuwa na furaha mno.

M.


Mugumu,
15 Desemba 2024

Mama mdogo Elieth,

Shikamoo. Mimi ni mzima, sijakatwa. Naanza na hilo ili usisome ukitetemeka. Ninakaa ndani ya ile nyumba yenye ukuta, ya wasichana waliokimbia kukatwa. Nimeambatanisha karatasi ya Kerende, isome kwanza.

Jumamosi ilikuwa siku ya gulio. Mama Nashoni alitutuma chumvi, mimi na binti yake. Zilpa alikuwa pale na magunia yake. Aliponiona aliacha kupima dagaa. "Wewe! Si nilikuwa nakuja kwenu Nyamwaga? Barua yako iko hapa." Akazamisha mkono guniani. Niliisoma nimechuchumaa nyuma ya meza yake: Mokami, usiende Kerende. Niliisoma nikiwa Kerende.

Zilpa hakuniuliza ilisema nini. Aliniangalia tu. Binti wa Mama Nashoni alikuwa anachagua shanga upande wa pili.

"Unaweza kubeba gunia?"

"Naweza."

"Basi wewe ni mfanyakazi wangu. Jifunge hii kichwani. Ukiulizwa, jibu Kijaluo."

"Sijui Kijaluo."

"Basi usijibu. Hiyo nayo ni kazi."

Tulipanda gari la Mugumu, gunia miguuni kwangu, kitambaa chake hadi kwenye nyusi. Kabla ya daraja la Mto Mara gari lilisimama. Barabara ilikuwa imejaa. Walikuwa wanarudi na wasichana waliokatwa siku hiyo, wamefunikwa khanga, kila mmoja chini ya mwavuli, wanatembea hatua ndogo sana. Mbele yao wanaume wenye unga usoni walicheza wakirudi kinyumenyume. Mmoja alileta uso wake kwenye dirisha langu, akapuliza filimbi kwenye kioo, akapiga kioo kwa ubapa wa panga. "Huyu je? Huyu nani?" Nilikumbatia gunia. Zilpa akamwambia kwa sauti ya sokoni, "Huyo Mjaluo mwenzangu, kijana, sisi hatukati, tunang'oa meno. Unataka meno?" Gari zima likacheka, na yeye pia akacheka, akaondoka.

Msichana wa mwisho alipita karibu. Alikuwa mdogo kuliko mimi. Aliniangalia, akaendelea kutembea.

Zilpa alinifikisha hadi getini, akabisha, akasema, "Nimeleta mzigo," akarudi sokoni na gunia lake.

Tuko wengi. Tunalala wawili wawili kwenye godoro moja. Chakula ni maharage na ugali, na Jumapili wali. Mlezi wetu anaitwa Mama Dorah, ana sauti kali lakini anajua majina yetu yote. Sitakuficha: si mahali pa furaha. Mchana tunacheza mpira wa pete, na geti likigongwa wote tunanyamaza, hata mpira unaachwa uviringike wenyewe. Baba wa mmoja wetu alikuja na ndugu zake, wakasimama nje wakitaja majina ya babu zake mmoja mmoja hadi polisi walipofika. Yule msichana alijifunika shuka siku nzima.

Nina swali moja, na naomba usilipite kama mara zile. Wewe ulikimbilia wapi?

Mokami


Kambini, njia ya Bunda,
22 Desemba 2024

Mokami mwanangu,

Marahaba. Niliposoma hadi pale kwenye daraja niliketi juu ya ndoo. Mafundi walikula ugali mbichi siku hiyo. Mungu ambariki Zilpa na ulimi wake. Mimi nilikupeleka hapo, na mwanamke wa dagaa akakutoa.

Unauliza nilikimbilia wapi. Sikukimbia.

Mwaka wangu nilikuwa na miaka kumi na miwili. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikiwa mbele ya wenzangu, kwa sababu nilitaka mwavuli. Dada yangu, mama yako, ndiye aliyenishika mabega ili nisitikisike, kwa kuwa msichana akitikisika ni aibu ya nyumba. Sikutikisika. Walinisifu sana. Nilivuja damu hadi siku ya tatu, wakasema kuna mtu ameniroga.

Niliolewa nikiwa na miaka kumi na sita. Mtoto wangu alikaa njiani siku mbili, na alipotoka hakulia. Daktari aliniambia makovu ndiyo yaliyomfungia njia. Nilirudi nyumbani nikamweleza dada. Aliweka mkono mdomoni, hakuwahi kulizungumza tena. Kumbe wewe alikwambia nilikimbia. Labda ndivyo alivyotamani iwe.

Baada ya hapo ndipo nilipoanza kuzunguka. Na nitakwambia kitu ambacho mimi mwenyewe nimekijua wiki hii nikihesabu: kila mwaka uliofunguliwa, Desemba niko Musoma, niko Bunda, niko popote mbali na filimbi. Miaka iliyofungwa ndiyo ninayorudi kwenu. Kwa hiyo maoni yangu yote ya huko kwenu Tarime ni ya mtu aliyekuja wakati watu wamelala.

Nilipita mbele ya nyumba hiyo yenye ukuta mara nyingi kuliko nilivyokwambia. Nilikuwa nasimama. Nilijua ipo, na bado nilikutuma Kerende, kwa sababu kukutuma huko Mugumu kungenilazimu kueleza kwa nini.

Sasa uko salama na wenye kazi yao. Mimi siwezi kuja, msimamizi hatoi ruhusa sikukuu hizi. Nakutumia sabuni na daftari kwa Zilpa.

Elieth


Mugumu,
5 Januari 2025

Mama mdogo,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya. Sabuni imefika, daftari limefika likinuka. Nimelianika juani.

Nilisoma barua yako peke yangu, kisha nikaikunja na kuiweka ndani ya soksi. Pole kwa mtoto. Sijui kama niliruhusiwa kusema pole baada ya miaka mingi, lakini nimesema.

Msimu umeisha. Wenzangu wengi wanarudi nyumbani wiki hii. Baba zao huitwa ofisi ya ustawi wa jamii, wanaandika ahadi mbele ya polisi kwamba mtoto hatakatwa na ataendelea na shule, kisha wanaondoka pamoja. Wengine hawaandiki. Wasichana hao wanabaki.

Baba ameitwa Jumatatu tarehe 13, saa nne. Alimwambia Mama Dorah kwa simu kwamba yeye si mtu mbaya, ni mimi niliyepotoka, na kwamba mama yangu analala na njaa kwa aibu. Bibi alichukua simu akanipigia kelele kwa Kikurya kwamba Lilian ameshapona, ameng'aa, na sasa ni mtu. Halafu nikasikia mtu anapumua tu. Nilijua ni mama. Nilisema, "Mama, ninakula vizuri." Simu ikakatika.

Nataka kurudi nyumbani. Hilo sijamwambia mtu hapa, kwa sababu wanaweza kudhani nimelegea. Ninawakumbuka wadogo zangu. Lakini mwaka huu umefungwa, mama mdogo, na baba ataandika ahadi kwa urahisi, kwa kuwa mwaka huu haimgharimu kitu. Mwaka unaofuata ndio ninaouogopa. Nitakuwa kidato cha nne. Ahadi ni karatasi, na sanduku la bibi bado lina khanga.

Afisa atamweleza baba kuhusu sheria na madhara. Baba atasikiliza akiwa ameshika kofia, kisha atasema moyoni kwamba hawa ni watu wa semina. Hajawahi kumsikia mtu wa nyumba yake akisema. Hajui kuhusu mtoto wako. Najua hajui, kwa sababu huwa anasema mbele yetu, "Elieth hakuzaa kwa sababu ya kuzurura."

Ninaogopa kukuomba, lakini naomba. Njoo. Useme mbele yake, na mama akiwepo. Ukishindwa, sitakasirika, ila nitabaki hapa na sitaandika jina langu chini ya ahadi yake.

Mwanao,
Mokami


Kambini, njia ya Bunda,
8 Januari 2025

Mokami,

Marahaba. Mguu mzima, mkono mzima.

Msimamizi amesema nikiondoka nafasi yangu atampa mwingine. Nimempa funguo za stoo.

Nitalala Mugumu Jumapili, gesti ya karibu na soko, na saa tatu Jumatatu nitakuwa kwenye geti lenu. Nimempigia baba yako simu. Aliweka sauti kubwa, kama kawaida yake, nikasikia kuku wa uani. Nilisema, "Shemeji Waitara, Jumatatu uje na dada yangu. Nina neno la kumwambia yeye na wewe, kuhusu mwanangu." Akasema, "Mwana gani? Wewe huna mwana." Nikasema, "Ndiyo hilo neno."

Halafu dada yangu, sauti yake kutoka mbali, akasema, "Tutakuja."

Mwanangu, ninaogopa. Tangu juzi sijaweza hata kuonja chumvi ya mboga. Nikianza kusema na sauti ikipotea, usiniangalie mimi. Mwangalie mama yako, na umshike mkono.

Elieth